Gololi Ipi Ndani ya Pipa?

Mwanzoni mwa karne ya 18, vumbi liliwaua wafanyakazi wa viwanda vya ufinyanzi vya Staffordshire, Uingereza. Vyombo vya eneo hilo vilikuwa vimeanza kupendwa kwa weupe wake, na weupe huo ulitoka katika jiwe la gumegume lililochomwa, likapondwa, kisha likasagwa kuwa unga wa kuchanganya na udongo. Waliolisaga likiwa kavu waliuvuta unga ule siku nzima, ukawaharibu mapafu. Mwaka 1726 Thomas Benson alipata hataza ya mtambo wa kusagia jiwe hilo ndani ya maji, na vumbi likatulia. Hata hivyo mtambo wake ulikuwa na magurudumu na mipira mikubwa ya chuma. Gumegume ni gumu, likakila chuma. Chembe za chuma zikaingia kwenye unga, na chombo kilipotoka tanuruni rangi yake ilikuwa imechafuka. Mwaka 1732 Benson akachukua hataza ya pili. Safari hii chuma kilikuwa kimeondolewa na mahali pake pamewekwa mawe.

Tatizo lililomrudisha Benson kazini ndilo linalomkabili leo kila fundi anayechomelea kinu chake mwenyewe uani. Pipa, mota, mkanda na bering vina mafundi wengi wanaovijua. Kinachoingia ndani ya pipa kufanya kazi yenyewe ndicho huachwa mpaka dakika ya mwisho, kisha hujazwa chochote kilichopatikana: vipande vya nondo, nati kuukuu, mawe ya barabarani.

Kinu cha gololi ni mtambo rahisi. Pipa hulazwa ubavu, hujazwa gololi hadi karibu nusu, huongezwa kinachosagwa, hufungwa na kuzungushwa. Gololi hupanda na ukuta wa pipa, zikifika juu huporomoka, na kila jiwe dogo linalokuwa katikati ya gololi mbili hupondwa au kusuguliwa. Katika maeneo ya dhahabu ya Tanzania, kuanzia Geita na Kahama hadi Chunya, wachimbaji wadogo wanakiita karasha, na makarasha mengi yametengenezwa na wachomeleaji wa hapohapo kwa mabamba na mabomba ya chuma. Wapo pia wafinyanzi wanaojitengenezea vinu vidogo vya kusagia glezi, ule unga wa madini unaoyeyuka tanuruni na kuwa ngozi ya kioo juu ya chombo. Kazi hizi mbili zinatumia mtambo mmoja lakini zinadai gololi tofauti kabisa, na sababu ya tofauti hiyo inafaa kueleweka kabla ya kwenda dukani.

Kila gololi huliwa. Hakuna isiyoliwa, hata ile ya bei kubwa kuliko zote. Inapogongana na wenzake, na ukuta wa pipa, na jiwe linalosagwa, hupoteza chembe, na chembe hizo haziendi popote: zinabaki ndani ya unga. Kwa hiyo anayechagua gololi anachagua pia kitu atakachokiongeza kwenye bidhaa yake. Swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya uzito, liwe hili: unga wangu unaweza kuvumilia uchafu gani?

Kwa mchimbaji wa dhahabu jibu ni jepesi. Jiwe lake mara nyingi ni kwatzi, lenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs ambacho talki ni 1 na almasi ni 10. Chuma kidogo kikiingia katika unga huo hakiharibu dhahabu, na sehemu kubwa ya chembe zake huweza kutolewa kwa sumaku. Anachohitaji ni pigo zito, na kwa pigo zito la bei inayofikika hakuna kinachoshinda chuma cha pua. Sentimita moja ya ujazo ya chuma hicho ina gramu 7.8, wakati jiwe la kawaida la kwatzi lina gramu 2.6 tu. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50 ina uzito wa takriban gramu 510. Ya jiwe yenye ukubwa uleule haifiki hata gramu 175. Zikianguka kutoka kimo kimoja, ya chuma ina nguvu mara tatu.

Lakini chuma si kimoja. Nondo ya ujenzi iliyokatwa vipande hupatikana kila mahali, nayo husaga, ila ni laini kuliko kwatzi na huliwa haraka. Fundi hujikuta akiongeza vipande kila mara na unga wake ukiwa mweusi kwa chuma. Gololi zilizotengenezwa mahsusi kwa vinu, za kufuliwa au za kuyeyushwa pamoja na kromiamu, hudumu zaidi kwa mbali. Kati ya hizo mbili ipo njia ambayo karakana nyingi za magari zinayo bila kuijua: gololi za bering kubwa za malori. Chuma cha bering kina takriban asilimia 1 ya kaboni na asilimia 1.5 ya kromiamu, na kimepashwa moto na kupozwa kwa utaratibu unaokifanya kigumu sana. Ukikipitishia tupa, tupa huteleza badala ya kuuma. Hilo ni jaribio linalofaa kufanywa kwa gololi yoyote ya chuma kabla ya kulipia: tupa ikiuma kwa urahisi, kwatzi itauma kwa urahisi zaidi.

Kuna chuma ambacho hakifai kuingia kwenye karasha hata kikitolewa bure. Ni nati, boliti na vipande vilivyopakwa zinki ili visishike kutu, vile vinavyong'aa kama bati jipya. Zinki hushikamana na zebaki, na wachimbaji wanaoendelea kuitumia zebaki watajikuta wameichafua. Mbaya zaidi, marudio ya karasha, yaani unga unaobaki baada ya kuoshwa, huuzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi, na zinki ni miongoni mwa vitu vinavyoila sayanaidi kabla haijaifikia dhahabu. Shaba hufanya hivyohivyo, kwa hiyo vipande vya shaba nyeupe na vifaa vya mabomba navyo vibaki nje. Mwenye marudio anaweza kupoteza fedha nyingi kwa sababu ya nati zilizotupwa ndani ya pipa na mtu aliyedhani chuma ni chuma.

Chuma kisichoshika kutu kina kasoro nyingine inayowashangaza wengi. Aina zake zinazopatikana zaidi, zile za masufuria na meza za hotelini, hazishikwi na sumaku ipasavyo. Chembe zake zikiingia kwenye unga, hakuna njia rahisi ya kuzitoa. Kwa anayetegemea sumaku kusafisha unga wake, chuma cha kawaida kinachoshika kutu ni bora kuliko hicho cha gharama.

Kwa mfinyanzi, hesabu hugeuka juu chini. Chembe ya chuma ambayo kwa mchimbaji ni kero ndogo, kwake ni madoa ya kahawia juu ya sahani nyeupe. Udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa milima ya Pugu nje kidogo ya Dar es Salaam, thamani yake iko katika weupe. Kuusaga kwa chuma ni kuutupa. Yeye anahitaji gololi ambazo hata zikiliwa zitaacha kitu ambacho tayari kimo katika glezi yake.

Kauri ndiyo jibu la kwanza. Gololi za kauri ya kawaida ni nyeupe, lakini ni nyepesi kuliko hata jiwe. Za alumina zina ugumu wa 9 na uzito wa gramu 3.6 hivi kwa sentimita ya ujazo. Zinaliwa polepole sana, na kwa kuwa alumina ni kiungo cha kawaida cha glezi, kidogo kinachomegeka hakidhuru. Juu ya hizo zipo za zirkonia, zenye takriban gramu 6, zinazokaribia uzito wa chuma bila madoa ya chuma. Hizo ni ghali mno kwa karakana ya nyumbani, na kwa kazi nyingi za ufinyanzi hazihitajiki. Mwandishi wa makala haya angemshauri mfinyanzi anunue alumina mara moja, azitunze, na asihangaike tena.

Asiye na fedha za alumina hajafungiwa mlango. Kabla ya gololi za kiwandani kuenea, vinu vikubwa vya Ulaya vilijazwa kokoto za gumegume zilizookotwa katika fukwe za Denmark na Ufaransa, mawe yaliyoviringishwa na mawimbi kwa karne nyingi hadi yakawa mviringo bila kuchongwa na mtu. Huko Witwatersrand, Afrika Kusini, migodi ya dhahabu ilikwenda hatua moja mbele: ilichagua vipande vikubwa vya mbale, yaani jiwe lenyewe lenye dhahabu, ikavitia kinuni visage vipande vidogo. Kilicholiwa kutoka kwa gololi kilikuwa mbale pia, na hakuna kilichopotea. Hekima hiyo iko wazi kwa yeyote aliye karibu na mto wenye kokoto nyeupe za kwatzi. Ziokotwe zile nzito, laini, zisizo na ufa wala mishipa ya rangi nyingine, za ukubwa unaokaribiana.

Zijaribiwe kwanza. Kokoto yenye ufa wa ndani hulia sauti butu ikigongwa, na ile nzima hulia kwa ukali. Kisha idondoshewe siki au maji ya ndimu: ikitoa povu, ni chokaa, itupwe. Hili ni la kuzingatiwa hasa na watu wa pwani, kwa sababu mawe mengi ya ufukweni kuanzia Lamu hadi Mtwara ni matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu, laini, yenye ugumu wa 3. Yatasagika yenyewe kabla hayajasaga chochote.

Gololi za kioo, zile wanazochezea watoto, huwavutia wanaoanza kwa kuwa ni za bei ndogo na zina umbo zuri. Zinafaa kwa kuchanganya unga laini ulio tayari. Kwa kuvunja jiwe hazifai. Ni nyepesi, na huvunjika kuwa vigae vyenye makali vinavyobaki ndani ya unga na kumsubiri atakayeutia mkono.

Risasi inahitaji neno lake peke yake. Madini haya ndiyo mazito kuliko yote ya kutengenezea gololi yaliyotajwa hapa, gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, na huyeyuka kwa joto dogo kiasi kwamba mtu anaweza kujimiminia gololi jikoni. Marekani na Ulaya baadhi ya watengenezaji wa fataki huzitumia kwa sababu hazitoi cheche. Kusaga baruti kuna sheria zake na kumeua watu. Kazi hiyo haina nafasi katika karakana ya nyumbani. Na hata kwa kazi nyingine, risasi ni laini, hupakaa kila kinachoigusa, na ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto.

Ushahidi wa sumu hiyo uko hapahapa Afrika. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa katika vijiji vya wachimbaji wadogo. Hakuna aliyetumia gololi za risasi. Mbale ya dhahabu ya eneo hilo ilikuwa na risasi ndani yake, nayo ilisagwa ikiwa kavu, kwa mashine za kusagia nafaka, karibu na nyumba na wakati mwingine ndani ya nyua. Vumbi lilitua kwenye udongo ambao watoto walichezea na kwenye vyombo walivyolia. Kama vumbi la mbale liliweza kufanya hivyo, hakuna sababu ya mtu kuitia risasi kinuni kwa hiari yake.

Ukishajua gololi za aina gani, ukubwa ndio unaofuata, na hapa wengi hupenda kukosea upande mmoja: wanataka kubwa. Gololi kubwa huvunja. Gololi ndogo ndizo zinazolainisha. Chukua gololi moja ya milimita 50 na ubadilishe kwa nyingine za milimita 25 zenye uzito uleule kwa jumla. Utapata nane, na eneo la nje linalosuguana na unga litakuwa mara mbili. Mipigo imeongezeka sana, ingawa kila pigo ni dogo. Kwa mbale iliyopondwa kwa nyundo hadi ukubwa wa punje za mahindi, gololi za milimita 40 hadi 50 zinahitajika ili zivunje, zikichanganywa na za 25 za kumalizia kazi. Kwa glezi ambayo viungo vyake vimeingia tayari vikiwa unga, milimita 15 hadi 20 zinatosha, na kubwa zaidi ni kupoteza nafasi.

Mchimbaji ana sababu ya ziada ya kutozidisha uzito wala muda. Dhahabu haivunjiki kama jiwe. Ni laini na hubamizwa. Ikipigwa na gololi nzito muda mrefu baada ya jiwe lake kuiachia, huwa vijiganda vyembamba vinavyoelea na kuteleza juu ya magunia ya kuoshea, kisha huondoka na maji. Kinu kinachosaga zaidi ya inavyohitajika kinamwibia mwenyewe.

Kujaza pipa kuna hesabu yake, na mfano mmoja unatosha kuionyesha. Tuseme pipa lina kipenyo cha ndani cha sentimita 20 na urefu wa sentimita 30. Ujazo wake ni takriban lita 9.4. Gololi zikifika nusu, zimechukua lita 4.7, ila kati yake kuna mianya ya takriban asilimia 40. Kinachobaki kuwa gololi halisi ni lita 2.8 hivi. Zikiwa za chuma ni kilo 22. Za alumina ni kilo 10. Za kokoto ni kilo 7 na kitu. Fundi ambaye alichagua mota na bering akifikiria kokoto, kisha akajaza chuma, amezidisha mzigo mara tatu, na bering zitamwambia mapema. Kinachosagwa kijaze ile mianya na kuzifunika gololi kidogo tu, yaani lita mbili au zaidi kidogo katika pipa hilo. Kikiwa kidogo mno, gololi hugongana zenyewe kwa zenyewe na kujila. Kikizidi, gololi huelea ndani ya unga bila kugusana.

Mwendo nao hutegemea gololi. Pipa likizunguka kasi kupita kiasi, gololi hugandamana na ukuta na kuzunguka nalo bila kuanguka, na hakuna kinachosagwa. Kasi hiyo ya kugandamana hupatikana hivi: toa kipenyo cha gololi kutoka kipenyo cha pipa, vyote kwa mita, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 42.3 kwa kipeuo hicho. Kwa pipa la sentimita 20 na gololi za sentimita 2, jibu ni karibu mizunguko 100 kwa dakika. Kinu kifanye kazi kwenye asilimia 65 hadi 75 ya hapo, yaani mizunguko 65 hadi 75. Mota ya kawaida ya umeme wa hapa huzunguka mara 1,450 hivi kwa dakika, kwa hiyo puli zinapaswa kuipunguza takriban mara 20. Pipa kubwa linataka mwendo mdogo zaidi: la sentimita 60 lenye gololi za sentimita 6 linafanya vizuri kwenye mizunguko 40.

Sikio husaidia. Kinu kilichopangwa vizuri hutoa ngurumo ya kuporomoka, kama kokoto zinazovutwa na wimbi linaporudi. Milio mikali ya chuma kwa chuma inaeleza kuwa mzigo ni mdogo. Ukimya unaeleza kuwa kasi imezidi au pipa limejaa.

Ukuta wa pipa usisahauliwe, kwani nao huliwa. Mfinyanzi aliyenunua alumina na kuitia katika pipa la chuma tupu hajapata alichokilipia. Bitana ya mpira, hata ile iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la lori na kugandishwa vizuri, humaliza tatizo hilo na kupunguza kelele kwa majirani.

Gololi mpya za aina yoyote zizungushwe kwanza na mchanga safi na maji, na matope yake yamwagwe, mpaka maji yatoke bila weusi wala unga wa kokoto. Kisha zikaushwe na kupimwa kwenye mizani. Baada ya kazi kadhaa zipimwe tena. Tofauti ya uzito ndiyo kiasi kilichoingia kwenye unga, na kwa mizani hiyo mtu ataacha kubahatisha: atajua gololi zake zinamgharimu kiasi gani na bidhaa yake ina uchafu kiasi gani.

Makarasha mengi ya wachimbaji wadogo bado husaga mawe yakiwa makavu, na wanaoyalisha husimama ndani ya wingu la vumbi la kwatzi, vumbi la familia moja na lile lililowaua watu wa Staffordshire. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Gololi za chuma husaga ndani ya maji bila shida yoyote isipokuwa kutu, na kutu huzuiwa kwa kuzisuuza na kuzikausha kazi inapokwisha. Kokoto na kauri hazina hata shida hiyo. Kwa yeyote anayechomelea karasha jipya sasa, pipa na liwe la kuziba vizuri, lichukue maji tangu siku ya kwanza, na asiwepo mtoto karibu linapofunguliwa.